Somo: Kuokota na kupima namba tasa kubwa za ufunguo wa RSA

Wakuu, habari za jioni. Somo hili niliahidi kitambo, mniwie radhi kwa kuchelewa.

Namba tasa kila mmoja alizisoma shule ya msingi: 2, 3, 5, 7, 11, namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwalimu wetu alituambia zinaitwa tasa kwa kuwa hazina watoto. Mimi naona kinachokosekana ni wazazi: 15 kazaliwa na 3 na 5, lakini 13 hana alikotoka.

Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wote wa MIT kule Marekani, walizijengea namba hizi mfumo wa siri, uitwao RSA kwa herufi za majina yao. Zidisha namba tasa mbili kubwa, tangaza jibu, ficha zile mbili. Kuzidisha ni kufumba na kufumbua. Kurudi kinyumenyume ndiko kunakoshinda watu. Jibu lenye tarakimu 250, liitwalo RSA-250, lilivunjwa Februari 2020 baada ya kompyuta nyingi kufanya kazi kwa miezi. Ufunguo wa kawaida wa siku hizi una biti 2048 (tarakimu za 0 na 1), yaani tarakimu 617 za kawaida, na kila mzazi wake ana biti 1024.

Basi hao wazazi tunawapata wapi?

Hatua ya 1: Okota namba

Hakuna fomula nyepesi unayoiingiza 1, 2, 3 ikakutolea namba tasa za ukubwa huo. Kompyuta inaokota namba yoyote, inaipima, ikifeli inaitupa na kuokota nyingine. Wengi wakisikia hivi wanadhani itakesha. Haikeshi: kwenye namba witiri za biti 1024, takriban moja katika kila 355 ni tasa.

Kazi iko kwenye kuokota kwenyewe. Namba lazima iwe ya nasibu kweli, mtu asiweze kuikisia. Kwenye Python (lugha ya kuandikia programu) tumia `secrets`, usiguse `random`. Ile `random` ni ya michezo na takwimu. Mtu akiona matokeo yake 624 mfululizo ya biti 32, yote yanayofuata anayajua. Mimi nilipokuwa najifunza niliianzishia `random` kwa saa ya kompyuta, nikajiona fundi. Rafiki yangu aliuliza tu, "Uliitengeneza leo asubuhi, siyo?" Akajaribu kila sekunde ya asubuhi ile, na kabla sijamaliza chai alishanipa namba zangu zote mbili.

Na wakubwa nao yaliwakuta. Mwaka 2006 kwenye Debian, toleo mojawapo la Linux, iliondolewa mistari ya kodi iliyokuwa ikichanganya nasibu ndani ya OpenSSL, maktaba ya kufungia siri, kisa ilikuwa ikileta maonyo. Kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato (ile kompyuta inayoipa kila programu inayoendeshwa), isiyozidi 32,768. Iligundulika Mei 2008. Karibu miaka miwili watu walifungia milango funguo ambazo orodha yake nzima ingeenea kwenye diski ndogo. Namba zenyewe zilikuwa tasa kabisa, kipimo hakikuwa na kosa.

Ukishaokota, washa biti mbili za juu ili zao la namba mbili lifike biti 2048 kamili, na biti ya mwisho ili namba iwe witiri.

Hatua ya 2: Chuja

Igawe kwa namba tasa ndogo, chini ya 1000 zinatosha. Ikigawanyika, tupa. Kati ya zile 355 hubaki kama 58 hivi za kupelekwa kwenye kipimo kikubwa.

Hatua ya 3: Pima

Hapa twende taratibu.

Fermat alitupa kanuni mwaka 1640: n ikiwa tasa, chukua a yoyote isiyogawanyika kwa n, ipandishe kwa kipeo cha n−1, gawa kwa n, baki litakuwa 1. Kwa hiyo baki likiwa kitu kingine, n si tasa, kesi imeisha. Tatizo ni kinyume chake. Kuna namba zinazodanganya, na mdogo wao ni 561. Ni 3 × 11 × 17, lakini kila a isiyoshiriki kigawo nayo inatoa baki 1. Tapeli mwenye vitambulisho vyote.

Miller (1976) na Rabin (1980) wakaja na swali la pili: hiyo 1 umeipataje? Tumhoji 561 kwa a = 2. Toa moja, 560. Gawa kwa 2 hadi ugote kwenye witiri: 560 = 2 × 2 × 2 × 2 × 35. Anza na 2 kwa kipeo cha 35, kisha kila baki lizidishe lenyewe kwa lenyewe:

kipeo 35: baki 263
kipeo 70: baki 166
kipeo 140: baki 67
kipeo 280: baki 1

Namba tasa haiwezi kufanya hivyo. Kwake, kitu kikizidishwa chenyewe kikatoa 1, kitu hicho ni 1 au n−1 tu. Hapa kabla ya 1 kuna 67, wala si 560. Tapeli kakamatwa. Tena kaacha nyayo: chukua KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 66 na 561 unapata 33, ya 68 na 561 unapata 17. Na 33 × 17 = 561.

Namba isiyo tasa inaweza kukwepa kwa a moja iliyookotwa kwa nasibu, lakini nafasi yake haizidi moja katika nne. Rudia mara 40 kwa a tofauti.

```python
import secrets

NDOGO = [k for k in range(3, 1000, 2)
         if all(k % j for j in range(3, k, 2))]

def ni_tasa(n, raundi=40):
    d, s = n - 1, 0
    while d % 2 == 0:
        d //= 2
        s += 1
    for _ in range(raundi):
        a = 2 + secrets.randbelow(n - 3)
        x = pow(a, d, n)
        if x in (1, n - 1):
            continue
        for _ in range(s - 1):
            x = x * x % n
            if x == n - 1:
                break
        else:
            return False
    return True

def okota(biti=1024):
    while True:
        n = secrets.randbits(biti) | (3 << (biti - 2)) | 1
        if all(n % k for k in NDOGO) and ni_tasa(n):
            return n
```

Ile `pow` yenye vitu vitatu ndiyo roho ya kazi. Ukiandika `a**d % n` kompyuta itajaribu kuijenga a kwa kipeo cha d yote kabla ya kugawa, na utaizima mwenyewe.

Hatua ya 4: Kagua jozi

Okota p, okota q. Hakikisha p−1 na q−1 hazigawanyiki kwa 65537, ambayo ndiyo kipeo cha kufungia ujumbe kinachotangazwa kwa umma karibu kila mahali, na kwamba p na q haziko jirani.

Kodi hii ni ya kujifunzia. Kwenye mfumo wa watu tumia maktaba iliyokaguliwa. Maswali karibuni.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi. Niliandika kipimo changu kinatumia a = 2 peke yake ili kiwe chepesi, kinasema 2047 ni tasa. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea hesabu, umemwita shahidi mmoja tu, naye kahongwa. 2047 ni 23 × 89. Sasa tazama: 2 kwa kipeo cha 11 ni 2048, baki 1. Na 2046 ni 2 × 1023, na 1023 inagawanyika kwa 11, kwa hiyo unapata 1 tangu hatua ya kwanza. Jaribu a = 3 uone. Ila usije ukaandika orodha ya a ndani ya kodi ukaridhika. Mwaka 1995 François Arnault alitengeneza namba ya tarakimu 397 isiyo tasa, inayopita kwa kila a tasa iliyo chini ya 307. Anayejua maswali ya mtihani anajiandaa. Ziokote kwa nasibu.

Swali: Kaka, kwa hiyo hatuna hakika kamili? Nasikia kuna kipimo cha Wahindi kisicho na "huenda".

Kipo, AKS, cha Agrawal, Kayal na Saxena wa Kanpur, 2002. Ni kazi ya heshima kubwa, na ni kizito mno kwa biti 1024. Ukirudia Miller-Rabin mara 40, nafasi ya kudanganywa haifiki moja katika 2 kwa kipeo cha 80. Umeme kukatika katikati ya hesabu ndilo jambo la kuhofia zaidi.

Swali: Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ina tarakimu milioni 41. Kwa nini tusitumie hiyo, wabishi wahangaike?

Hahaha, mkuu. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, ilitangazwa Oktoba 2024. Inajulikana! Mdukuzi atagawa mara moja tu.

Swali: Watu wawili wakiokota namba tasa moja je?

Kihesabu haitokei. Namba tasa za biti 1024 zinazidi 1 yenye sifuri 305. Lakini mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za umma kutoka intaneti nzima, wakazitafutia KKS, na zikatoka zilizoshiriki mzazi mmoja. Nyingi zilikuwa za ruta na vifaa vidogo vinavyotengeneza ufunguo pale tu vinapowashwa, kabla havijakusanya nasibu ya kutosha. Vifaa viwili vinaamka na ndoto ileile. KKS ikikutolea p, unagawa, na q ndiyo hiyo.

Swali: Umesema p na q zisiwe jirani, hukueleza kwa nini. Kila moja si ni siri?

Chukua 4087. Kipeuo chake cha pili ni 63 na kitu, panda hadi 64. 64 × 64 ni 4096, toa 4087, inabaki 9, na 9 ni 3 × 3. Basi vigawo ni 64 − 3 na 64 + 3, yaani 61 na 67. Hata kikokotoo sijashika. Njia hii ni ya Fermat huyohuyo, na ukubwa wa namba hauiogopeshi iwapo hizo mbili zimekaa karibu. Jaribu 9991 mwenyewe kabla chai haijapoa.