Kufufua Pijo la Stesheni Wagoni Lililoachwa Juu ya Mawe

Gari bovu humweleza fundi ugonjwa wake, lakini gari lililofunguliwa nusu kisha likaachwa humweleza ugonjwa huo pamoja na makosa ya aliyelifungua, na si rahisi kutambua mara moja lipi ni la gari na lipi ni la mtu. Nilijifunza hivyo kwa Peugeot 504 ya stesheni wagoni, Pijo kama tunavyoliita, nililolinunua hapa Dodoma likiwa juu ya mawe, injini ikiwa wazi bila hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, milango miwili ikiwa imeegemezwa ukutani na vipuri vingi vikiwa vimerundikwa katika makopo ya rangi. Nilipomuuliza mwenye gari, "Mzee, hedi iko wapi?", alinijibu kwa upole, "Iko kwa fundi, mwanangu," na ikabainika kwamba ilikuwa kwa fundi huyo kwa miaka minne. Maelezo yafuatayo yanahusu gari hilo, ingawa anayefufua Peugeot 404 au gari jingine la umri huo ataona kwamba sehemu kubwa inamfaa.

Kabla ya kutazama injini, tazama kadi ya usajili wa gari. Magari ya zamani yamepita mikononi mwa watu wengi bila umiliki kubadilishwa, kwa hiyo jina lililo kwenye kadi mara nyingi si la anayekuuzia. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na iliyoandikwa kwenye kadi, kisha fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini, kwa sababu gari lililobadilishwa injini bila kumbukumbu zake kurekebishwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, litakusumbua siku ya kuhamisha umiliki. Ikiwa mwenye jina ameshafariki, usikubali neno la mtoto wake peke yake. Taka kuona barua ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi, na mkataba wa mauziano uwe na saini yake.

Kwa upande wa bodi, hali ya hewa ya Dodoma ni rafiki wa bati na adui wa kila kitu kingine. Gari lililokaa huku miaka yote huwa na kutu kidogo, ilhali lililotoka Tanga au Dar es Salaam linaweza kung'aa juu na kuwa limeoza chini kwa sababu ya chumvi ya bahari. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa ili isikwaruze rangi, na uipitishe taratibu kwenye kingo za chini za milango, juu ya matairi ya nyuma, chini ya mlango wa buti na pale ambapo shokabu za mbele hushikwa na bodi ndani ya boneti. Sumaku inapoacha kushika, hapo kuna puti badala ya bati. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa kuwa inabeba uzito wote wa mbele, na ikiwa imelika, bei ya gari inapaswa kushuka sana au uondoke.

Jua limepasua dashibodi na raba za milango, na hilo lisikutishe. Ulizia zaidi habari za mchwa na panya. Katika gari langu mchwa walikuwa wamekula mbao zote za ndani ya milango hadi zikabaki karatasi, na panya walitafuna waya nyuma ya dashibodi na kujenga makazi yao katika siti ya tatu. Inua siti kwa kijiti kwanza, si kwa mkono, kwa sababu nge wa Dodoma nao hupenda mahali penye giza pasiposumbuliwa.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba stesheni wagoni ni saluni, yaani gari la kawaida lenye buti iliyotengwa na abiria, iliyorefushwa tu. Katika 504 si hivyo. Saluni nyingi zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, lakini wagoni ina ekseli nzima ya nyuma inayokaa juu ya springi nne, mbili kila upande, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90 badala ya 2.74. Injini, gia boksi na sehemu kubwa ya mbele huingiliana, lakini kuanzia siti ya nyuma kwenda mwisho wa gari usinunue kitu kwa kutazama jina la Peugeot 504 peke yake. Aliyenitangulia alikuwa amenunua shokabu mpya za nyuma, bado zimo katika maboksi yake, na zote zilikuwa za saluni. Nadhani hapo ndipo alipokata tamaa.

Gari likishafika nyumbani, weka spana chini kwa wiki moja. Kazi ya wiki hiyo ni kuhesabu kilichopo. Mimi nilikusanya trei za mayai, zile zenye matundu 30, nikamwaga bolti za kila kopo juu ya turubai, nikaziosha kwa mafuta ya taa na kuzipanga tundu kwa tundu kulingana na urefu na hatua za nyuzi. Bolti za hedi hazifanani na nyingine, za kalipa za breki zina urefu wake, na baada ya siku mbili picha ya gari inaanza kuonekana katika trei. Andika katika daftari kile kilichopo, kile kinachokosekana na kile usichokitambua, na kwa kila kipuri kilichoguswa na mtu mwingine weka alama ya kuuliza. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba kazi ya fundi aliyepita ambayo sikuiona kwa macho yangu haijafanyika, hata kama kipuri ni kipya na kinang'aa, kwa hiyo kila bolti niliyoikuta imefungwa niliifungua na kuifunga upya.

Injini ya petroli ya 504, iwe ya sentimita za ujazo 1796 au 1971, ina silivu, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja na kukaa juu ya sili chini yake. Hedi inapoondolewa hakuna kinachozishikilia, na mtu akizungusha krenki, yaani mhimili unaosukumwa na pistoni, wakati huo, pistoni zinaweza kuzinyanyua na kuharibu sili, kisha maji yakavujia katika oili. Kwa hiyo ukikuta injini ya aina hii haina hedi, chukulia kwamba mtu ameizungusha. Toa silivu, safisha makalio yake, weka sili mpya, na kabla ya kurudisha hedi hakikisha kila silivu imechomoza juu kidogo kuliko bloku kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, bila kupitana sana na jirani yake. Ukilazimika kuzungusha krenki kabla ya hapo, zibane silivu kwa bolti na washa pana. Hedi ni ya aluminiamu, hivyo ilaze rula ya chuma iliyonyooka juu yake pande zote, hata kwa mshazari, na upenyeze fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia uwazi, chini yake. Ikiwa imepinda, ipeleke kwa fundi wa mashine, usitegemee gasketi kuziba kosa hilo.

Hapa nitaje kosa langu mwenyewe. Ndani ya kopo moja nilikuta kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi: "Silinda namba 1 mbovu." Nikatoa pistoni ya mbele, ile iliyo karibu na rejeta, nikaipima, nikaikuta nzima, nikamlaumu mwandishi kwa siku mbili. Kumbe Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, tofauti na magari ya Kijapani tuliyozoea, na mwandishi wa kikaratasi alikuwa amesoma kitabu. Ringi za silinda ya nyuma kabisa zilikuwa zimevunjika vipande vitatu.

Kwa injini ambayo haijafunguliwa lakini imelala miaka mingi, toa plagi, tia kijiko cha oili katika kila silinda, iache siku mbili au tatu, kisha izungushe kwa mkono kwa spana kwenye puli ya krenki. Usiguse swichi kabla injini haijazunguka kwa wepisi mizunguko kadhaa. Pointi, yaani viguso vinavyokata umeme wa plagi, ziache uwazi wa milimita 0.4 na plagi milimita 0.6. Tenki la mafuta litoe chini na kulisafisha, kwa maana petroli ya zamani hugeuka gundi na kutu ya tenki huziba jeti za kabureta hata baada ya chujio kubadilishwa.

Mfumo wa kupoza injini unahitaji uangalifu wa pekee hapa kwetu. Maji ya Dodoma, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka katika visima vya Mzakwe, yana chumvichumvi, kama anavyojua kila mwenye birika, na ukoko ule ule mweupe hujijenga ndani ya rejeta. Maji matupu ya bomba pia hula aluminiamu ya hedi polepole. Tumia maji safi ya kuongezea betri (si asidi) au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, ukiyachanganya na kulanti, yaani dawa ya rejeta, na usikubali ushauri wa kuondoa thamostati, kifaa kinachodhibiti mzunguko wa maji kulingana na joto, ili gari lisichemshe. Gari linalochemsha bila thamostati lina rejeta iliyoziba, feni iliyochoka au gasketi iliyoungua, na kuiondoa kutaficha tu chanzo hadi siku utakapokuwa mbali na nyumbani.

Breki zishughulikiwe kabla gari halijasogea hata mita moja kwa nguvu zake. Wagoni ina diski mbele na ngoma nyuma. Fungua masta silinda na silinda za magurudumu, na ukiona vishimo vya kutu mahali ambapo raba huteleza, usisugue kwa msasa ukidhani umemaliza, nunua mpya. Mafundi wengi huosha sehemu hizi kwa petroli au dizeli, jambo ambalo huzivimbisha raba na kuzifanya zikwame baada ya wiki chache, kwa hiyo osha kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe. Hozi za breki zenye umri wa miaka 20 zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu huziba ndani na kuacha gurudumu likiwa limeshikwa.

Umeme hauna maneno mengi: toa nyaya zote zilizotafunwa, usiunge waya kwa kusokota na solotepu, na nyaya za taa kubwa zipitishie relei, yaani swichi ndogo ya umeme, ili swichi ya taa isiungue.

Vipuri vya injini na breki bado hupatikana Dar es Salaam, hasa ukiwa na subira ya kuzunguka Gerezani, na Nairobi pia, kwa kuwa 504 ziliunganishwa Kenya kwa miaka mingi. Vya nyuma ya wagoni, yaani vioo vya pembeni, taa na raba za mlango wa buti, ni adimu, hivyo ukikuta gari la kuchinjwa usinunue kipande kimoja. Chukua nusu yote ya nyuma ikiwa una pa kuiweka.

Rangi iwe ya mwisho, ingawa ndiyo inayotamaniwa kwanza. Tatizo la Dodoma si unyevu bali vumbi, na upepo wa Agosti na Septemba hauheshimu turubai. Mimi nilipiga praima na rangi alfajiri, kabla upepo haujaamka, baada ya kumwagia uwanja maji usiku uliotangulia, na nikamaliza kila koti kabla ya saa mbili asubuhi. Puti iwe nyembamba, juu ya bati lililokwanguliwa hadi kung'aa, na tundu lililoliwa na kutu lichomelewe bati jipya, lisizibwe kwa puti.

Safari ya kwanza iwe ya kuzunguka mtaa tu, ukiwa na spana ya magurudumu mkononi, kwa sababu nati hulegea baada ya kilometa chache za mwanzo. Ya pili iwe hadi Chamwino, kilometa 30 hivi, ukitembea bila haraka na kusimama njiani kugusa kila gurudumu kwa kiganja. Lililo na joto kuliko wenzake lina breki inayokwama au beringi iliyobanwa mno. Ukirudi, acha gari lipoe usiku kucha, kisha asubuhi chomoa kijiti cha oili na kitazame kwenye mwanga. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, sili za silivu hazikukaa, na hedi itatoka tena.