Jinsi ya Kuwaeleza Vijana Madhara ya Vepu: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Katika upekuzi mmoja wa mabweni hapa Mbeya, mwalimu mwenzangu alifungua mkebe wa mwanafunzi wa kidato cha pili, akaona kifaa chembamba cheusi kimelala kati ya bikari na rula, akakigeuza mara moja na kukirudisha akidhani ni flashi ya kompyuta. Harufu ya embe iliyotoka humo aliichukulia kuwa ya pipi. Wiki mbili baadaye ndipo tulipoelewa kwamba ile ilikuwa vepu, yaani sigara ya kielektroniki, na kwamba wanafunzi wengi wa bweni lile walikuwa wakiifahamu vizuri kuliko sisi tuliokabidhiwa kuwalea.

Mwongozo huu ni kwa mzazi, mlezi au mwalimu wa malezi anayetaka kuzungumza na vijana juu ya jambo hili bila kuchekwa pembeni. Kwa uzoefu wangu, kijana hatishiki kwa maneno makali, ila huelewa haraka anapoonyeshwa jambo kwa vitu anavyovijua, na sisi wa huku vitu hivyo tunavyo karibu.

Kijue kifaa kwanza

Usiingie darasani kabla hujaweza kueleza vepu inavyofanya kazi. Ndani yake kuna betri, waya mwembamba unaopata moto, utambi wa pamba, na tangi dogo la kimiminika. Kijana anapovuta, betri huupasha waya hadi joto linaloweza kupita nyuzi 200, na kimiminika kilicholowesha utambi hugeuka wingu linaloingia mapafuni. Kimiminika hicho kwa kawaida ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, glisirini, ladha za kiwandani na, mara nyingi, nikotini.

Kifaa cha aina hii tunachokiona leo kilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara. Ninalitaja hili kwa sababu mwanafunzi mmoja hatakosa kunyosha mkono na kusema kwamba vepu ilitengenezwa ili watu waache sigara. Usimkatize, kwa maana hajadanganya. Mtu mzima aliyevuta sigara kwa miaka mingi, akihamia moja kwa moja kwenye vepu, huepuka sumu nyingi zinazotokana na majani yanayoungua. Muulize tu huyo kijana yeye anaacha sigara gani. Mtoto wa miaka 15 ambaye hajawahi kuvuta hapunguzi kitu chochote, bali anaanza, na vijana wanaoanza na vepu huonekana kuwa wepesi zaidi wa kuingia kwenye sigara za kawaida baadaye.

Onyesho la kioo

Vijana wengi huamini kwamba wingu lile ni mvuke wa maji. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba hapa Mbeya, au kule Njombe na Makete ambako baridi hung'ata zaidi, kila mtu hutoa moshi mdomoni akizungumza, hivyo si ajabu mtoto akaona vitu hivyo viwili kuwa kimoja. Usibishane naye. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia na ile chupa ya glisirini ambayo kila nyumba ya huku hununua wakati wa baridi kwa ajili ya kupaka ngozi iliyopasuka.

Mwombe mwanafunzi mmoja apumulie upande wa kushoto wa kioo. Upande wa kulia, weka tone moja la glisirini na ulisambaze kwa kidole. Kioo kizunguke darasani. Kitakapofika dawati la pili, ukungu wa pumzi utakuwa umekwisha kutoweka, lakini glisirini itakuwa palepale, inang'aa na kunata. Mwache mwanafunzi wa mwisho apitishe kidole juu yake. Kisha eleza kwamba wingu la vepu hubeba matone madogo mno ya kitu hicho hicho, na kwamba glisirini kuwa salama kwenye ngozi ya kisigino hakumaanishi kuwa imewekwa kwa ajili ya vifuko vya hewa vya mapafu. Ongeza kwamba kimiminika kikipashwa joto kali huweza kuzalisha kemikali zinazochoma njia ya hewa, zikiwamo fomaldehaidi na akrolini, na kwamba chembe za madini kama nikeli, kromiamu na risasi kutoka kwenye waya zimewahi kukutwa ndani ya wingu hilo. Mwenye pumu ataelewa upesi kuliko wote, kwa kuwa anajua mwenyewe jinsi kifua chake kinavyobana kwa moshi wa jiko tu.

Onyesho hili halihitaji vepu halisi, na ninashauri usiipeleke darasani hata kama unayo uliyoikamata. Ukikionyesha kifaa, macho yote yatakuwa kwenye rangi yake na harufu yake, na somo lako litakuwa limekwisha hapo.

Tumbaku ya Chunya na hesabu ya asilimia tano

Nikotini ndiyo kiini cha mazungumzo, na hapa ndipo unapopaswa kutumia muda mwingi. Mtu aliyekulia Chunya, kama mimi, au Namtumbo upande wa Ruvuma, anajua mabani ya kukaushia tumbaku na anajua pia ugonjwa wa wachumaji. Ukiingia shambani alfajiri majani yakiwa na umande, ukayakumbatia mafungu kwa mikono mitupu, ifikapo saa nne kichwa kinazunguka, jasho linakutoka na unatapika kando ya tuta. Hujavuta hata pafu moja. Nikotini imeyeyuka katika umande na kupenya ngozi. Waulize wanafunzi kama kuna aliyewahi kuyaona hayo kwao, kisha nyamaza usikilize, maana mara nyingi watakufundisha wao. Baada ya hapo swali linalofuata huja lenyewe: kama nikotini kupitia ngozi hufanya hivyo, ikipitia mapafu na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache itafanya nini?

Sasa andika ubaoni hesabu. Vifaa vingi huandikwa asilimia 5, na vijana huisoma namba hiyo kama tunavyosoma punguzo la bei dukani, yaani kitu kidogo. Asilimia 5 hapa ni takribani miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Kifaa chenye mililita 2 kina miligramu 100. Mvutaji wa sigara moja hupata mwilini wastani wa miligramu 1 hadi 2. Si nikotini yote ya kifaa inayofika kwenye damu, na uwaambie hivyo, lakini waache wagawanye wenyewe. Zaidi ya hayo, nikotini ya vepu nyingi za sasa huchanganywa na asidi ili isikwaruze koo. Kikohozi kinachomfukuza anayejaribu sigara kwa mara ya kwanza hakipo, na kijana huvuta kiasi kikubwa pasipo mwili kumwonya.

Ubongo huendelea kukomaa hadi kufikia umri wa miaka 25 hivi, na sehemu za umakini, kumbukumbu na kujizuia ni miongoni mwa zinazochelewa. Nikotini huuzoesha ubongo huo kuidai. Vijana wenyewe wana neno lao, arosto, walilolitoa kwa mateja wa dawa za kulevya, na unaweza kulitumia bila haya: kukosa usingizi, hasira za ghafla, na kushindwa kutulia na kitabu kwa dakika ishirini ndiyo arosto ya vepu.

Usiongeze chumvi

Mzungumzaji mmoja aliyealikwa shuleni kwetu aliwaambia wanafunzi kwamba anayevuta vepu mapafu yake huoza ndani ya mwezi mmoja. Jioni ile ile walikuwa wakimwigiza bwenini, na sisi tulirudi nyuma hatua kumi. Ukitaka kuzungumzia vifo, zungumzia kilichotokea Marekani mwaka 2019, kwa usahihi. Hadi Februari 2020 watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na vepu, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Wengi wao walikuwa wametumia vimiminika vyenye kilevi cha bangi, na kitu kilichohusishwa zaidi na ugonjwa ule kilikuwa asetati ya vitamini E iliyotumika kuvizimua. Funzo kwa kijana wa Iringa au Mbeya ni kwamba chupa iliyojazwa na mtu asiyemjua haina anayeweza kumhakikishia kilichomo, na hata maandishi ya kusema hakuna nikotini yamewahi kupimwa yakakutwa si kweli.

Kuhusu sheria, inatosha kusema kwamba Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia bidhaa hizo mtu aliye chini ya miaka 18. Iliandikwa kabla vepu hazijafika madukani kwetu, kwa hiyo usiifanye kuwa nguzo ya mazungumzo.

Kijana akikuambia anavuta

Najua desturi yetu, viboko kwanza na maswali baadaye. Nimeona matokeo yake: kifaa huhama kutoka mkebeni kwenda kwenye dari ya choo, na mtoto hatakuja kwako tena. Mkalishe, mwulize, «Mwanangu, huwa unaitamani saa ngapi?» Anayejibu kwamba ni mara tu anapoamka amekwisha kuzoea, na huyo anahitaji msaada kuliko hotuba. Mweleze kwamba siku mbili au tatu za kwanza za kuacha ndizo ngumu, na kwamba hali hupungua katika wiki chache zinazofuata. Mpangie jambo la kufanya katika saa ile ile ya tamaa, liwe kunywa maji, kukimbia uwanjani au kukaa na rafiki asiyevuta. Usingizi ukikataa kabisa au huzuni ikizidi, mfuatane kituo cha afya.

Kifaa atakachokukabidhi usikitupe kwenye shimo la taka linalochomwa moto kila Ijumaa, kwa sababu betri ya lithiamu hulipuka ikiungua. Kifungie mahali mbali na watoto wadogo. Kimiminika chake chenye harufu ya matunda ni sumu kikinywewa, na mtoto aliyekionja akaanza kutapika, kutoka jasho au kwenda mbio mapigo ya moyo asilazimishwe kutapika zaidi, bali akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari aione.