Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuonana na Wenzako wa Mitandaoni

Wanablogu na watumiaji wa mitandao ya kijamii wa hapa Uganda, baada ya kusomana kwa muda mrefu, hutamani kuonana ana kwa ana. Ninawahimiza waonane, kwa kuwa mtu mliyebishana naye kwa maandishi hueleweka upesi zaidi mkiketi meza moja. Hata hivyo, mikutano hiyo huwaleta pamoja watu ambao kila mmoja amejiamulia ni kiasi gani cha maisha yake kijulikane, na asiyejiandaa anaweza kumponza mwenzake bila kukusudia.

Yaliyo wazi nitayapitia haraka. Kutaneni mchana, mahali penye watu. Mkahawa wa Wandegeya, Ntinda au Kololo, hapa Kampala, unatosha, na nyumbani kwa mtu usiyemjua hapafai, hata awe na wafuasi wengi namna gani. Mwachie ndugu au rafiki taarifa ya mahali unapokwenda na saa utakayorudi. Mpigie simu ya video yule unayekwenda kumwona, na akikwepa mara kwa mara, ahirisha safari. Usimtumie mtu nauli kwa simu kabla hujamwona, kwa maana wengi wameliwa pesa zao kwa njia hiyo. Beba nauli yako ya kwenda na ya kurudi.

Wafikirieni wanaotoka mbali. Anayesafiri kutoka Jinja au Mbale asipangiwe saa kumi na moja jioni, wakati magari yamejazana Barabara ya Jinja na mvua za Aprili au Oktoba zinaweza kunyesha saa yoyote, akalazimika kutafuta bodaboda gizani katika mji asioufahamu. Mahali na saa viamuliwe mapema na kuandikwa kwenye karatasi pamoja na namba ya mwenyeji. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na mwezi huohuo Facebook ilifungwa, kwa hiyo mpango unaotegemea ujumbe wa dakika ya mwisho haujakamilika.

Sasa nije kwenye picha, jambo ambalo ningependa lisomwe hata na asiyesoma mengine yote.

Katika mkutano mmoja niliohudhuria alikuwamo muuguzi aliyekuwa akiandika kwa lakabu kuhusu upungufu wa dawa na zamu ndefu za usiku. Alifika moja kwa moja kutoka kazini, kitambulisho cha kazi kikiwa bado kinaning'inia shingoni. Tulipiga picha ya pamoja, na kabla chai haijaisha mmoja wetu, kijana mwenye moyo mweupe kabisa, alikuwa ameirusha mtandaoni akiwa ametaja kila mtu kwa jina tunalomjua nalo. Kwa tendo hilo moja lakabu, uso na mahali pa kazi vilikaa pamoja hadharani, kwa sababu aliyekuza picha aliweza kukisoma kitambulisho. Dada huyo alipogundua aliomba ifutwe, nayo ikafutwa mara moja, lakini tayari ilikuwa imenakiliwa na kupita katika makundi ya WhatsApp. Baada ya muda aliitwa na wakubwa wake aeleze maandishi yake, akahamishwa kituo, na tangu hapo hajaandika tena. Wasomaji wake wengi hawajui kwa nini alinyamaza.

Hofu ya wanaotumia lakabu si ya kubuni. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alishtakiwa Januari 2022 kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, na ingawa Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu hicho Januari 2023, mwajiri, mwenye nyumba na jamaa wa ukoo hawahitaji kifungu chochote ili wamsumbue mtu. Kwa hiyo ulizeni habari ya picha siku kadhaa kabla, si wakati watu wamekwisha kupanga mstari, kwa sababu wengi huona haya kukataa mbele ya wenzao. Asiyetaka apewe kamera, awe mpiga picha. Vitambulisho vivuliwe, namba za magari zisionekane, majina yasiambatanishwe bila ruhusa ya mwenye jina, na chochote kisirushwe mpaka kila mmoja awe amefika kwake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaheshimu ridhaa ya mtu juu ya taarifa zake, nasi tunaojiita waandishi tusisubiri kukumbushwa na sheria.

Anayelinda lakabu yake aangalie pia namna ya kulipa. Laini zetu zimesajiliwa kwa vitambulisho vya taifa, na ukimtumia mwenzako pesa kwa simu ili kuchangia chakula, jina lako halisi humtokea pale pale. Beba noti. Vilevile kundi la WhatsApp la maandalizi huonyesha namba ya kila aliyemo, kwa hiyo ni bora mwandalizi awaandikie watu mmoja mmoja, hata kama kazi hiyo itamchosha.

Yaliyobaki ni tahadhari za kawaida. Usimwache mtu na simu yako ikiwa wazi. Usiache kinywaji chako mezani ukaenda kupiga simu nje. Usiwalete watoto mkutano wa kwanza. Mnaovuka mpaka kupitia Busia, Malaba au Mutukula, hakikisheni hati zenu za kusafiria ni halali na mmebadilisha fedha kabla ya kuingia mjini. Ugomvi wa mtandaoni usiendelezwe mezani, na mliyoambiana mezani yasigeuzwe makala bila idhini ya aliyeyasema. Ukihisi kwamba mambo hayako sawa, ondoka mapema bila kuhitaji kutoa maelezo marefu, na ukifika nyumbani mjulishe yule uliyemwachia taarifa.