Jinsi ya kumpima kwotabeki wa akiba

Mimi ni shabiki wa Philadelphia Eagles, kwa hiyo mtanivumilia nikiegemea upande wangu. Ukitaka kujua kama timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ina kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa akiba wa maana, usihangaike na umbali anaorusha mpira wakati wa kupasha misuli. Mkono wote wanao.

Jiulize kwanza: anaweza kucheza vizuri bila kufanya mazoezi? Siyo mzaha. Katikati ya wiki, muda karibu wote wa kikosi cha kwanza ni wa kwotabeki namba moja. Wa akiba kazi yake ni kumuigiza kwotabeki wa wapinzani ili mabeki wetu wajizoeze. Jumapili namba moja akiumia, wa akiba anatakiwa aijue mipango yetu yote. Kati ya shambulizi moja na lingine saa inahesabu sekunde 40, na redio ya kocha ndani ya helmeti hukatika zikibaki 15. Baada ya hapo ni yeye na kichwa chake.

Kisha watazame makocha, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Desemba 2017 kwotabeki wetu namba moja, Carson Wentz, aliumia goti kule Los Angeles, akaingia wa akiba, Nick Foles. Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida tulifungwa 6–0 na Dallas, na mtaani kwetu watu walishaanza kuzungumzia msimu ujao. Lakini kocha Doug Pederson alikuwa amekaa benchi miaka mingi nyuma ya kwotabeki mashuhuri Brett Favre. Msaidizi wake, Frank Reich, ndiye wa akiba aliyeitoa Buffalo nyuma kwa 3–35 dhidi ya Houston, Januari 1993, wakashinda 41–38. Wanaijua benchi hao! Wakampa Foles mipango inayomfaa yeye, siyo ile ya Wentz. Kwenye mtoano Minnesota wakala 38–7, kisha Patriots 41–33 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Kabla ya mapumziko, jaribio la nne, yaani la mwisho, imebaki yadi moja tu kufika mstari wa goli, Foles mwenyewe alimfuata kocha akaomba ule mpango wa hila ambao yeye ndiye anadaka pasi. Akadaka, tachidauni, yaani bao. Aliyesinzia benchi hawezi kuomba hivyo.

Tabia nayo ipime. Mwaka 1972 Earl Morrall, mwenye miaka 38, aliibeba Miami bila kupoteza mechi baada ya namba moja wao, Bob Griese, kuvunjika mguu. Griese alipopona, mzee akarudi benchi bila kelele. Anayenung'unikia nafasi ataigawa timu kabla hajarusha pasi hata moja.

Mwisho, hesabu wako wangapi. Januari 2023 San Francisco walikuja kwetu. Kwotabeki wao Brock Purdy akaumia kiwiko, wa akiba Josh Johnson akagongwa kichwa, Purdy akalazimika kurudi na mkono usiorusha. Tukawafunga 31–7, nami sikuwaonea huruma. Msimu uliofuata NFL ikaruhusu kwotabeki wa tatu wa dharura, kwa hiyo siku ya mechi angalia kama timu yako imemwandika.