Kupanga bajeti ya kufungashiwa na kuhamishiwa vitu

Anza na orodha, chumba kwa chumba, kabla hujampigia simu mtu yeyote. Fungua makabati, stoo, chungulia na uvungu wa vitanda. Huko ndiko hesabu huharibikia: gari lililotosha kwenye karatasi halitoshi siku yenyewe, na safari ya pili hulipiwa upya.

Omba makadirio kwa kampuni 3, zote zikiwa zimeuona mzigo kwa macho au kwa video. Bei iandikwe, ikitenganisha gari, wabebaji, maboksi na utepe, kufungua na kuunga fanicha, ngazi, na umbali kutoka mlangoni hadi gari linapoegeshwa. Uliza kama bei ni ya jumla au ya saa. Ya saa huongezeka foleni ikiwa ndefu au lifti ikigoma.

Ukitaka kupunguza gharama, funga mwenyewe nguo na vitabu (vitabu viingie maboksi madogo, makubwa hupasuka chini). Vyombo vya kioo waachie wao, maana kampuni nyingi hazifidii kilichovunjika ndani ya boksi ulilofunga wewe. Tenga asilimia 10 hadi 15 zaidi kwa dharura.