Jinsi ya kupata upande usiojulikana wa pembetatu mraba

Kabla ya kuanza kukokotoa, tafuta pembe mraba, ile ya nyuzi 90 ambayo kwenye mchoro huwekewa kijisanduku. Upande unaoitazama pembe hiyo ndio hipotenusi, na ndio mrefu kuliko yote. Makosa mengi huanzia hapa: mchoro ukilazwa juu ya hipotenusi yake, mwanafunzi huiita kitako, na hesabu nzima inakwenda upogo. Usifuate jinsi mchoro ulivyokaa, ifuate pembe.

Kanuni ya Pythagoras ni a² + b² = c²; a na b ni pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba, na c ni hipotenusi daima. Ukiwa na pande mbili, ya tatu unaipata.

Kama kinachotafutwa ni hipotenusi, unajumlisha. Chukua kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ya nyumba yenye upana wa mita 6, iliyonyanyuka mita 1.5 katikati. Gawa upana kwa mbili kwanza, maana kilele kiko katikati: kitako ni mita 3, si 6. Kisha 3² ni 9, na 1.5² ni 2.25. Jumla ni 11.25. Sasa tafuta kipeuo cha pili. Kama huna kikokotoo, kisia 3.4, gawanya 11.25 kwa 3.4 upate 3.309, halafu chukua wastani wa hizo mbili: 3.354. Njia hii inatosha kabisa kwa kazi ya mbao. Kwa hiyo mbao inayopanda kutoka ukutani hadi kileleni ni mita 3.354.

Upenu nao una hesabu yake, na hapa ndipo mbao huja fupi. Ukitaka upenu utoke sentimita 60 nje ya ukuta, hizo 60 zimepimwa kwa mlalo, sambamba na ardhi, ilhali mbao inakwenda kwa mteremko. Ukiongeza 0.6 juu juu unapata 3.954. Hesabu sahihi inarefusha kitako kuwa 3.6, na kwa mteremko uleule kimo kinakuwa 1.8: 12.96 + 3.24 = 16.2, kipeuo chake 4.025. Tofauti ni sentimita 7. Unajua pia mapema kwamba mbao ya futi 12, yaani mita 3.66, haifiki bila kuungwa. Vipimo vyote vichukuliwe kwenye ukingo mmoja wa mbao, wa juu au wa chini, bila kuchanganya.

Kama hipotenusi unayo na unatafuta upande mwingine, unatoa. Ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita 1.25 kutoka ukuta: 25 − 1.5625 = 23.4375, kipeuo chake mita 4.84. Ngazi ndiyo hipotenusi, hivyo kipeo chake cha pili ndicho kinachotangulia. Ukijikuta na namba hasi chini ya alama ya kipeuo, umegeuza. Na jibu likizidi urefu wa ngazi, umejumlisha pasipotakiwa.

Kosa jingine ni kujumlisha pande zenyewe kabla ya kuzipandisha kwenye kipeo cha pili: 3 na 4 hazitoi 7, zinatoa 5. Hiyo 3-4-5 ikariri, pamoja na 5-12-13 na 8-15-17, na vizidishe vyake. Mafundi hutumia 3-4-5 kunyoosha kona ya msingi: mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, na kati ya alama hizo lazima zitimie 5 kamili. Kwa nyumba kubwa, pima ulalo wote, yaani kutoka kona moja hadi kona inayoitazama. Msingi wa mita 8 kwa 10 unatakiwa kutoa √164, yaani mita 12.81. Ukipima 12.85, usiseme ni sentimita nne tu: kona hiyo imefunguka kupita nyuzi 90, na ukuta wa mita 10 utakuwa umekwenda pembeni kwa sentimita 7 hivi ukifika mwisho. Sogeza kigingi kabla ya kuchimba.

Ukiwa na upande mmoja tu, Pythagoras hakusaidii, unahitaji pembe. Sini ni upande unaoitazama pembe kugawanya kwa hipotenusi, kosini ni upande ulio jirani na pembe kwa hipotenusi, tanjenti ni unaoitazama kwa ulio jirani. Chagua ile yenye upande ulio nao na ule unaoutaka. Simama mita 20 kutoka kwenye mnazi, penye ardhi tambarare, utazame kilele; pembe kati ya mlalo wa macho na kilele ikiwa nyuzi 35, kimo ni 20 × tan 35° = 20 × 0.7002, karibu mita 14. Ongeza kimo cha macho yako, tuseme mita 1.6, kwa sababu pembe imepimwa kuanzia machoni, si ardhini. Mnazi una mita 15.6.

Ukipata 9.5 badala ya 14, kikokotoo kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye nyuzi kisha upige tan 45; ikikupa 1 kamili, endelea na kazi.