Somo: Kuandaa Msako wa Vikasha Mji wa Kale bila Kugombana na Mtu

Tulianza kusaka vikasha (vimkebe vilivyofichwa, vinavyotafutwa kwa namba za mahali kwenye simu) wawili wawili, sasa tumekuwa kundi, na kila mmoja anataka mashindano. Hapana ubaya. Lakini mashindano ya mbio hayafai Mombasa, na Mji wa Kale ndiyo kabisa: vichochoro ni vyembamba, mikokoteni inapita, wazee wamekaa barazani, na kijana anayekwenda mbio huku ameshika simu mkononi hudhaniwa ameiiba. Kwa hiyo nitakayoeleza yote yana shabaha moja: mpange mchezo ambao mwenye kukimbia hapati faida yoyote.

Kwa wageni, kwa ufupi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, Marekani iliondoa hitilafu iliyokuwa ikiwekwa makusudi kwenye mawimbi ya raia ya GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo. Siku iliyofuata Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza kwenye intaneti namba za mahali ilipo. Ndani aliweka vitu vidogo vidogo, likiwamo kopo la maharagwe, na daftari la kuandika jina. Chukua kitu, acha kitu, andika. Hapo ndipo jiokeshi, yaani msako huu wa vikasha, ilipoanzia, na kanuni haijabadilika sana.

Hatua ya 1: Siku na saa

Jumamosi au Jumapili, saa mbili asubuhi mpaka saa nne na nusu, ili watu wale, wahesabu alama, na adhuhuri iwakute wamemaliza. Ijumaa isahauni. Masika karatasi zinarowa hata ndani ya mkebe, na Januari na Februari joto la kaskazi linaangusha watu wazima. Mimi napenda Julai hadi Septemba, kusi ikiwa inavuma.

Hatua ya 2: Ruhusa

Hapa ndipo waandaaji wengi hupapita haraka, na hapa ndipo msako hufa. Kisanduku kilichofichwa chini ya benchi, kimefungwa kwa utepe mweusi, na mtu asiyejulikana anakizunguka akitazama simu: nani atakayekuja kuuliza kwa upole? Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, kikasha cha mchezo huuhuu kiliwafanya polisi wafunge mtaa na kuita wategua mabomu wa jeshi, wakakilipua. Sasa fikiria hapa kwetu, pembeni mwa Marikiti, Jumamosi asubuhi.

Basi, wiki tatu kabla, nenda kwa mzee wa mtaa. Usipige simu, nenda. Mweleze mchezo, mwonyeshe kikasha kimoja, mwachie akishike. Yeye atakwambia nyumba ipi msiikaribie na kichochoro kipi kina harusi wiki hiyo. Kisha barua kwa chifu na kituo cha polisi, yenye tarehe, saa, idadi ya watu na orodha ya mahali pa vikasha vyote. Mwenye duka au nyumba mtakayotumia ukuta wake aulizwe yeye mwenyewe. Mtoto aliyekuwa mlangoni akisema "sawa" hiyo si ruhusa.

Mahali pasipoguswa: misikiti, makaburi, shule, bandari, madaraja, kivuko, na madirisha ya watu. Hilo la madirisha lina uzito wake. Simu iliyoinuliwa uchochoroni nyuma ya nyumba inaonekana kama inapiga picha walioko ndani, na maelezo yako ya GPS hayatasikilizwa. Kila msakaji avae kitambulisho shingoni, chenye maandishi yanayosomeka kutoka mbali.

Ngome nayo, Fort Jesus, isiwekwe kitu. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia, na haifai kutiwa sumaku na vikebe nyufani. Patumieni kwa kituo cha swali: timu inafika, inatazama, inaandika jibu la jambo linaloonekana kwa macho. Vivyo hivyo kwa milango ya nakshi ya Ndia Kuu. Hesabu maua ya kizingiti cha juu, basi, mlango hata haujaguswa.

Hatua ya 3: Vikasha

Kumi na viwili vinatosha. Vikizidi hapo mnachoka kuvikusanya. Tumieni mikebe ya plastiki inayopitisha mwanga, ili anayeuona ajue hauna kitu cha hatari. Bandika karatasi juu: "Mchezo wa kirafiki. Si hatari. Kitaondolewa leo saa tano," na namba ya simu ya mwandaaji. Ndani weka kidaftari, penseli (wino wa kalamu unatawanyika kwa unyevu wa pwani), na neno la siri lililoandikwa chini ya kifuniko. Msiweke chakula, hata peremende. Sisimizi watatangulia, kunguru watafuata, na kule Nyali na Bamburi tumbili watabeba na mkebe wenyewe.

Tena msichimbe. Kufukia kikasha hakuruhusiwi katika mchezo huu, isipokuwa mwenye ardhi ametoa ruhusa waziwazi.

Hatua ya 4: Namba za mahali

Simu ikiwa chini ya anga wazi hukosea kama mita tano. Ndani ya vichochoro vyetu, kuta ndefu pande zote mbili, mawimbi yanagonga ukuta kabla ya kufika na kosa linaweza kuwa mara kadhaa ya hapo. Utaona kidoti chako kinahamia nyumba ya jirani ilhali umesimama tuli. Kwa hiyo vikasha vya kusakwa kwa namba peke yake viwekwe mahali palipo wazi: uwanja wa mbele ya Ngome, au kwenye mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mkipata ruhusa huko. Vya vichochoroni vipewe kidokezo kizuri cha maneno, na namba ziwe za kumfikisha mtu mtaani tu.

Ukichukua namba, weka simu mahali penyewe, subiri dakika mbili tatu itulie, andika. Rudia siku nyingine kwa simu nyingine, kisha chukua wastani.

Halafu mtindo wa kuandika. Vifaa vya jiokeshi hutumia digrii na dakika, ramani nyingi za simu hutumia digrii peke yake. S 04° 03.750 iliyo karibu na Ngome ni sawa na -4.0625. Mtu akiiandika -4.03750 amejipeleka zaidi ya kilomita mbili unusu kaskazini, ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Na akisahau alama ya kutoa ndiyo kwisha: namba zinampeleka juu ya Moyale, ndani ya Ethiopia. Chagueni mtindo mmoja, mwandike kwenye karatasi zote, na siku ya mchezo kila timu ifanye jaribio la kikasha kimoja mbele yenu kabla ya filimbi.

Hatua ya 5: Alama

Msihesabu nani kafika kwanza. Kila kikasha kipewe ugumu wa kukipata, 1 hadi 5, na ugumu wa njia, 1 hadi 5, kama inavyofanywa kimataifa. Jumlisha, hizo ndizo alama zake. Timu zina saa mbili. Ndani ya saa hizo ziende zinakotaka kwa mpangilio zinaotaka. Kuwahi kurudi hakuna alama hata moja. Kuchelewa kunakatwa alama 2 kila dakika. Anayeonekana anakimbia, timu yake inakatwa 5, na waamuzi wenu ni wauza kahawa na akina mama wa viazi karai, maana wao wanaona kila kitu.

Kila timu ipewe karatasi yenye kikasha tofauti cha kuanzia, la sivyo wote watafuatana mkia hadi cha mwisho.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote hakina kikasha. Anakaa mzee barazani, dele la kahawa pembeni, na yeye ndiye mwenye neno la siri lenye alama 10. Timu inayofika ikasema "sabalkheri", ikamuuliza hali na nyumbani, inapewa neno pale pale. Inayofika ikisema "tupe neno" inakaribishwa kukaa. Inamiminiwa kahawa chungu ya moto, inapewa kashata, inaulizwa wao ni watoto wa nani, wa mtaa gani, baba anafanya kazi wapi. Neno watalipata, baada ya robo saa.

Zawadi: isiwe pesa. Bahasha ikitajwa tu, kila alama inabishaniwa. Timu ya mwisho iwahudumie wa kwanza mahamri na mbaazi, inatosha.

Hatua ya 6: Kutangaza

Ukitaka msako uonekane na wageni, usajili kama tukio kwenye tovuti ya geocaching.com, na tangazo litoke angalau wiki mbili kabla. Vikasha vyenu vya siku moja havisajiliwi huko, kwa sababu kikasha cha kusajiliwa kinatakiwa kukaa si chini ya miezi mitatu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Likoni: Mbona kila kitu kiko kisiwani? Wekeni hata kikasha kimoja ng'ambo, tupande feri.

Jibu: Ndugu yangu, foleni ya feri haina alama 1 hadi 5. Timu itakayoikuta inaondoka na itakayoikuta imejaa zitaachana kwa bahati tupu. Na pale kivukoni askari hawataki kuona simu zikiinuliwa. La haki ni msako mzima ufanyike Likoni, nanyi ndio muwe wenyeji.

Mama wa Tudor: Timu ikipata kikasha halafu ikakificha vibaya makusudi ili wengine wakikose, mtajuaje?

Jibu: Piga picha ya kila kikasha kikiwa mahali pake kabla ya mchezo, na umweke kijana mmoja wa kuvizungukia. Akikuta kimehamishwa, anatazama jina la mwisho kwenye kidaftari. Hao ndio wa kuulizwa. Ikithibitika, alama zao za kikasha hicho zinafutwa, na mbele ya watu. Mara nyingi lakini si hila, ni mtu kasahau kilikuwa kona ipi, kwa hiyo waulizeni kwa adabu.

Kijana wa Majengo: Simu yangu ni ya bei ndogo na bando linakwisha haraka. Nitaweza?

Jibu: Utaweza. GPS haili bando. Inayokula bando ni ramani. Pakua ramani ya Mombasa ukiwa nyumbani, halafu zima data. Kinachokusumbua kitakuwa chaji, kwa hiyo punguza mwanga wa kioo. Dira ikielekeza ovyo, izungushe simu hewani kama unachora namba nane. Na timu ina watu wanne, si lazima kila mmoja awashe yake.

Mwalimu wa Kisauni: Nataka kuja na watoto wa darasa la sita. Mnawachanganya na watu wazima?

Jibu: Ndiyo, wawili kwa kila timu, na barua za wazazi mkononi. Watoto wanaona chini ya vitu ambavyo sisi hatuinami, kwa hivyo timu zitawagombea. Kuvuka barabara kubwa ni pamoja na mtu mzima, na timu inayogawanyika haihesabiwi kikasha ilichokipata hivyo.

Mwanachama wa Kizingo: Chini ya majabali ya Mama Ngina kuna mapango madogo mazuri sana. Kikasha cha ugumu wa 5?

Jibu: Hapana. Wakati wa bamvua maji hapa yanapanda na kushuka karibu mita nne, na mtu aliyeshughulika kutafuta hatazami nyuma. Tena majabali yana utelezi. Ukitaka ugumu wa 5, tunga fumbo ambalo jibu lake ndilo linalotoa namba za mahali, kikasha chenyewe kiwe juu penye kivuli.

Mwanachama wa Ganjoni: Timu mbili zikifungana alama?

Jibu: Waulizeni jina kamili la yule mzee wa kahawa, na watoto wake wangapi.

Dada wa Kibokoni: Mchezo ukiisha vikasha vinabaki? Mimi ndiye ninayeishi hapo, nitaulizwa mimi.

Jibu: Havibaki. Orodha ya vikasha kumi na viwili ina nafasi ya saini mbili, ya aliyekiweka na ya aliyekitoa. Hakuna anayegusa mahamri mpaka saini zote zimetimia. Kisha nakala moja inapelekwa kwa mzee wa mtaa siku hiyo hiyo, na nyingine tukuletee wewe.